Nani Ameshika Kalamu ya Hesabu?

Mgeni aingiaye Juba akauliza yaliko makao makuu ya polisi ataelekezwa Buluk. Jina hilo lenyewe lina asili ya kambini. Katika Kiarabu cha Sudan buluk ni kombania ya askari, na neno hilo lilitoka katika Kituruki, lugha ya watawala ambao majeshi yao yaliupanda Mto Nile katika karne ya 19. Basi na tuanze na jambo ambalo kila mtu aliyewahi kulala kambini analijua bila ya kufundishwa chuoni.

Kombania hula kwa kadiri ya daftari. Karani akiandika watu 90, bohari hutoa mgao wa watu 90, hata kama waliosimama mstarini ni 100. Wale 10 ambao majina yao hayamo wanaonekana kwa macho, wana bunduki mabegani na vumbi la doria miguuni, lakini kwa mwenye bohari hawako. Watakula nini? Watakula cha wenzao, au watalala na njaa. Kwa hiyo askari mzee, afikapo katika kikosi kipya, huuliza mapema ni nani anayeshika daftari.

Ndugu msomaji, taifa nalo lina daftari lake. Daftari hilo huitwa bajeti, sensa, pato la taifa, mpango wa maendeleo. Makarani wake ni wachumi, walioko katika wizara za fedha, benki kuu, vyuo vikuu na mashirika ya fedha ya dunia. Wao ndio wasemao kazi ipi ni kazi, mali ipi ni mali, na fungu lipi lipelekwe wapi. Katika makala haya tutatazama jambo moja kuhusu makarani hao: mbona wanawake miongoni mwao ni wachache, na utafiti umegundua nini juu ya njia za kuliziba pengo hilo? Askari asidhani kwamba haya ni mambo ya maprofesa peke yao. Yanamhusu yeye, mkewe, na hasa binti yake.

SENSA ILIYOWASAHAU WAKE

Mwaka 2023 Tuzo ya Nobel ya Uchumi alipewa Bi. Claudia Goldin wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Bi. Goldin alichimbua kumbukumbu za kazi za wanawake wa nchi yake kwa muda wa miaka 200. Akagundua kwamba makarani wa sensa wa zamani walipofika katika nyumba ya mkulima au ya fundi, mara nyingi walimwandika mume kwa kazi yake, na mwanamke wakamwandika "mke", basi. Haikujalisha kwamba mke huyo alilima shambani pamoja na mumewe, au alishona nguo za kuuza, au alisimamia duka la nyumba. Bi. Goldin alipozisahihisha hesabu hizo, ilidhihirika kwamba mwishoni mwa miaka ya 1890 wanawake walioolewa waliokuwa wakifanya kazi za uchumi walikuwa karibu mara 3 ya wale walioonyeshwa na sensa.

Hebu tulipime jambo hilo. Taifa kubwa, lenye viwanda na vyuo vikuu, lilitembea kwa miaka mingi na daftari lenye upungufu wa namna hiyo, na aliyekuja kulisahihisha alikuwa mwanamke.

Wala huyo hakuwa wa kwanza. Mwaka 1970 mchumi wa Denmark, Bi. Ester Boserup, alitoa kitabu kuhusu nafasi ya wanawake katika maendeleo ya uchumi. Alionyesha kwamba katika sehemu kubwa ya Afrika kilimo cha chakula kilikuwa mikononi mwa wanawake, ilhali watawala wa kikoloni, na wataalamu waliowafuata, walipeleka mafunzo, zana na mazao ya biashara kwa wanaume. Mwaka 1988 Bi. Marilyn Waring wa New Zealand, aliyewahi kuwa mbunge, alizihoji kanuni zenyewe ambazo dunia nzima huzitumia kupima pato la taifa. Kanuni hizo ziliporekebishwa mwaka 1993 ziliruhusu hata kazi ya kuteka maji ihesabiwe. Lakini kupika, kulea watoto na kuuguza wazee nyumbani vilibaki nje ya hesabu hadi wakati huo na baada yake.

Askari wa Buluk anayeamka alfajiri akakuta chai iko motoni, sare imefuliwa na watoto wamekwisha kuandaliwa, anajua vizuri kwamba asingefika gwarideni kwa wakati bila ya kazi hiyo. Katika daftari la taifa, kazi hiyo ni sawa na wale askari 10 wasioandikwa.

WANAWAKE NI WANGAPI?

Tuzo ya Nobel ya Uchumi ilianza kutolewa mwaka 1969. Hadi kufikia mwaka 2025 ilikuwa imetolewa kwa watu 99. Wanawake kati yao ni 3 tu: Bi. Elinor Ostrom mwaka 2009, Bi. Esther Duflo mwaka 2019, na Bi. Goldin tuliyemtaja. Zilipita tuzo za miaka 40 ndipo mwanamke wa kwanza akaitwa jukwaani.

Tukishuka kutoka jukwaani hadi darasani, hali si tofauti sana. Chama cha wachumi wa Marekani kiliunda kamati ya kuchunguza hali ya wanawake katika taaluma hiyo mwaka 1971, na kamati hiyo imekuwa ikihesabu tangu hapo. Hesabu zake zinaonyesha kwamba wanawake ni takriban theluthi moja ya wanaopata shahada ya udaktari wa uchumi, lakini miongoni mwa maprofesa kamili wa idara kubwa hawajafikia mmoja katika kila watano. Ni kama kikosi kinachopoteza watu katika kila kivuko: walioondoka kambini ni wengi, waliofika mlimani ni wachache.

Wapo wasemao kwamba wasichana hawana kichwa cha hesabu. Usemi huo ni mwepisi kuutamka, lakini utafiti hauungi mkono. Bi. Heather Sarsons alichunguza wachumi wa vyuo vikuu waliokuwa wakingojea kupewa ajira ya kudumu. Alikuta kwamba mwanamke akiandika peke yake, maandishi yake humsaidia kama yanavyomsaidia mwanamume. Lakini mwanamke na mwanamume wakiandika pamoja, sifa nyingi humwendea mwanamume, na mwanamke huhesabiwa kama msaidizi. Naye Bi. Erin Hengel alionyesha kwamba muhtasari wa makala za wanawake katika majarida makubwa ya uchumi umeandikwa kwa lugha iliyo wazi zaidi kuliko wa wanaume, na kwamba katika mojawapo ya majarida hayo makala za wanawake zilikaa muda mrefu zaidi zikirudishwa na kusahihishwa kabla ya kukubaliwa. Bila shaka hapa tatizo haliko katika uwezo. Liko katika mizani.

DAWATI LA POLISI

Huenda msomaji akauliza: je, kuna tofauti gani kama kalamu ameishika mwanamume au mwanamke, maadamu wote wamesoma hesabu ile ile? Swali hilo ni la haki, na limefanyiwa majaribio.

Nchini India sheria ilitenga theluthi moja ya viti vya wenyeviti wa mabaraza ya vijiji kwa wanawake, na vijiji vyenyewe vikateuliwa kwa zamu isiyotegemea matakwa ya mtu. Bi. Duflo na mwenzake Raghabendra Chattopadhyay walivilinganisha vijiji vilivyopata wenyeviti wanawake na vile visivyopata, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Vijiji vilivyoongozwa na wanawake viliweka fedha zaidi katika maji ya kunywa, jambo ambalo wanawake wa vijiji hivyo ndilo walilokuwa wakililalamikia zaidi.

Mfano wa pili utawagusa askari polisi moja kwa moja. Mwaka 2022 watafiti Sandip Sukhtankar, Gabrielle Kruks-Wisner na Akshay Mangla walitangaza matokeo ya jaribio lililofanyika katika vituo 180 vya polisi katika jimbo la Madhya Pradesh, huko huko India, vinavyohudumia watu zaidi ya milioni 23. Kwa njia ya kura, baadhi ya vituo vilipewa dawati la kuwasaidia wanawake, pamoja na mafunzo na mahali pa faragha pa kusikilizia malalamiko. Vingine viliachwa kama vilivyokuwa. Katika vituo vyenye madawati, kesi za wanawake ziliandikwa zaidi, na kesi za jinai ziliandikwa zaidi hasa pale ambapo msimamizi wa dawati alikuwa askari mwanamke.

Uhalifu ulikuwa ule ule. Sheria ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni aliyeketi nyuma ya meza, na kwa hiyo kilichoingia katika kitabu cha matukio. Polisi yeyote aliyewahi kushika zamu anajua kwamba jambo lisiloandikwa kitabuni halina mpelelezi, halina hakimu, halina mwisho. Uchumi nao ndivyo ulivyo. Tatizo lisiloingia katika hesabu halina fungu.

DAWA ZILIZOPIMWA

Wachumi, kwa kuwa ni watu wa vipimo, wameanza kuipima taaluma yao wenyewe. Hapa tutazitaja dawa 2 zilizofaa, na moja iliyodhuru.

Dawa ya kwanza ni mfano wa kuigwa. Mwaka 2016 Bi. Catherine Porter na Bi. Danila Serra walifanya jaribio dogo katika chuo kikuu kimoja cha Dallas, Marekani. Walichagua kwa kura baadhi ya madarasa ya mwanzo ya uchumi, wakawaleta wanawake 2 waliowahi kusoma uchumi chuoni hapo waje kueleza kazi zao na maisha yao. Maongezi yalikuwa mafupi, ya dakika chache tu. Katika madarasa ya kawaida, wasichana waliokuja kuchagua uchumi kuwa somo lao kuu walikuwa karibu 9 katika kila 100. Katika madarasa yaliyotembelewa waliongezeka kwa takriban 8 zaidi. Hapakujengwa bweni, wala hapakutolewa ruzuku. Msichana alimwona mtu wa kufanana naye akiwa amesimama mahali ambapo hakudhani kwamba panamstahili.

Dawa ya pili ni ulezi wa kitaaluma. Tangu mwaka 2004 kamati ile ya wachumi wa Marekani imekuwa ikiendesha mafunzo ya siku chache kwa walimu wanawake walio chipukizi, wakikutanishwa na waliowatangulia. Kwa kuwa waombaji walizidi nafasi, washiriki walichaguliwa kwa kura. Ikawa rahisi kuwalinganisha waliopata na waliokosa. Miaka ilipopita, ilionekana kwamba waliopata mafunzo walibaki katika vyuo kwa wingi zaidi, na kupata ajira za kudumu katika vyuo vya daraja la juu zaidi. Jeshi linaijua siri hii tangu zamani. Kuruta aliyepata sajini mzuri hafanani na kuruta aliyeachwa ajifunze kwa makosa.

Sasa tuitazame dawa iliyodhuru, maana ina funzo kubwa. Katika vyuo vingi vya Marekani mwalimu kijana hupewa miaka michache ya kujithibitisha kwa maandishi, ndipo aajiriwe moja kwa moja. Vyuo vikaona huruma, vikaamua kwamba mwalimu apataye mtoto aongezewe mwaka mmoja, awe baba au mama, sawasawa. Nani angeipinga kanuni yenye usawa wa namna hiyo? Lakini Bi. Heather Antecol na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, walikuta kwamba katika idara kubwa za uchumi kanuni hiyo ilipandisha nafasi ya wanaume kupata ajira ya kudumu katika chuo chao cha kwanza, na kuishusha ya wanawake. Kwa nini? Wengi wa akina baba waliutumia mwaka huo kuandika. Akina mama waliutumia kunyonyesha.

Ni sawa na kuwapa askari 2 saa moja ya mapumziko, mmoja alale na mwingine abebe maji ya kambi, kisha wote waamriwe kukimbia maili 3 na mshindi apandishwe cheo. Amri ilikuwa moja, lakini mzigo haukuwa mmoja. Mkuu mwenye busara huitazama amri yake inavyofanya kazi mstarini, asiridhike na jinsi inavyosomeka katika karatasi.

MAMBO YANAANZIA DARASANI

Tukirudi Sudan Kusini, pengo la kwanza liko mbali kabla ya chuo kikuu. Uchunguzi wa hali ya kaya wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watu wazima waliojua kusoma na kuandika walikuwa 27 katika kila 100: wanaume 40, wanawake 16. Vita vilikuwa na sehemu kubwa katika jambo hilo. Chuo Kikuu cha Juba chenyewe, kilichoanzishwa mwaka 1975, kililazimika kuhamia Khartoum mwaka 1989. Ikiwa chuo kizima kilikimbia, msichana wa kijijini angekimbilia wapi na daftari lake?

Hata hivyo milango haikufungwa. Katiba ya mpito ya mwaka 2011 iliweka kiwango cha wanawake kisichopungua asilimia 25 katika bunge na serikali, na mkataba wa amani wa mwaka 2018 ukakipandisha hadi asilimia 35. Mwaka 2020 nchi ilipata mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Ulinzi, Bi. Angelina Teny, na mwaka 2021 Bi. Jemma Nunu Kumba akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge. Lakini mkataba waweza kutenga kiti cha uwaziri kwa wino. Kiti cha mtu wa kuikagua hesabu ya wizara hujazwa na yule tu aliyepita katika somo la hisabati.

Jirani zetu wa Kenya wametupa ushahidi wa namna ya kumfikisha huko. Katika wilaya za magharibi, mwaka 2001 na 2002, wasichana wa darasa la 6 waliofanya vizuri, 15 wa juu katika kila 100, waliahidiwa shilingi 500 za karo na shilingi 1,000 kwa familia kila mwaka kwa miaka 2. Watafiti Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton waliyafuatilia matokeo. Huko Busia alama za wasichana zilipanda, na walimu wakahudhuria kazini zaidi. Tena, alama za wavulana, ambao hawakuahidiwa hata senti moja, nazo zilipanda. Hili liwatulize wale wanaohofu kwamba ukimwinua binti umemshusha kaka yake. Darasa likiamka, huamka lote.

Jaribio jingine la huko huko magharibi mwa Kenya, lililoanza mwaka 2003 katika shule 328, lilikuwa la kuwapa wanafunzi sare bure. Bi. Duflo, Bi. Pascaline Dupas na Bw. Kremer walikuta kwamba baada ya miaka 3 wasichana walioacha shule walipungua kutoka karibu 19 hadi karibu 16 katika kila 100, na waliozaa wakiwa wadogo walipungua kutoka karibu 16 hadi 13. Sare tu! Mtu avaaye sare kila siku hana haja ya kuelezwa nguvu yake. Na katika Sudan Kusini yenyewe, mradi wa elimu ya wasichana ulioanza mwaka 2013 kwa msaada wa Uingereza uliwapa wasichana wa madarasa ya juu ya msingi na wa sekondari fedha taslimu za kuwasaidia kubaki shuleni.

Je, msichana akifika mwisho wa safari hiyo atamkuta nani? Katika Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga na jumuiya yake mwaka 2016, mifano ipo. Dkt. Natu Mwamba wa Tanzania aliwahi kuwa Naibu Gavana wa Benki Kuu, kisha Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha. Dkt. Sarah Ssewanyana wa Uganda ameongoza kituo cha utafiti wa sera za uchumi kilichoko Makerere. Dkt. Rose Ngugi wa Kenya ameongoza taasisi ya serikali ya utafiti wa sera, na Profesa Jane Mariara wa Chuo Kikuu cha Nairobi ameongoza shirika la utafiti linalowafundisha wachumi vijana wa nchi nyingi. Kumbuka lile jaribio la Dallas: kumwona mtu kama hao kwa muda mfupi tu kwatosha kumgeuza msichana njia. Basi yeyote mwenye nafasi ya kumwalika mwanamke mhasibu, mkaguzi au mchumi aje azungumze katika shule ya watoto wa askari, asingoje fungu la bajeti.

Imebaki amri moja, nayo haitoki makao makuu. Siku ya mshahara itafika, na baba mwenye sare atakaa na noti mkononi akikisia karo ya nani itoshe. Kaka yake binti atakuwa na hoja. Mjomba atakuwa na hoja, na pengine nyuma ya hoja yake kuna ng'ombe wa mahari. Binti mwenyewe huenda akanyamaza kimya, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyolelewa. Saa hiyo baba ndiye karani wa daftari. Akiliruka jina moja, hakuna kombania itakayoona kosa hilo kesho asubuhi. Litaonekana baada ya miaka 20, siku ambayo bajeti ya nchi itasomwa na kazi ya mama yake haimo.

Basi askari, kabla hujafunga daftari lako, hesabu tena mstari wote.